Yah: Mikono Mingine Miwili Kwenye Chumba cha Meno

Kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET),
kwa Wizara ya Afya,
na kwa Bodi ya Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Njombe.
Nakala: Waganga Wakuu wa Halmashauri zote sita za Mkoa wa Njombe.

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Nimeamua kuiandika barua hii hadharani kwa sababu masijala naijua: barua hugongwa muhuri, hupewa namba ya jalada, kisha hulala. Isitoshe, wahusika wa jambo hili si ninyi peke yenu. Yuko mzazi wa Lyamkena ambaye binti yake alimaliza kidato cha nne akapata D zake tatu, na sasa anauza parachichi stendi ya Makambako. Naye ningependa aisome.

Ombi langu ni hili. Anzisheni mafunzo ya mwaka mmoja ya wasaidizi wa tiba ya meno. Darasa liwe Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Njombe, na vitendo vifanyike kwenye vyumba vya meno vya hospitali za mkoa huu, mkianza na Njombe mjini na Makambako. Anayehitimu apewe cheti kinachotambulika, na cheti hicho kiingizwe kwenye muundo wa utumishi ili mtu aweze kuajiriwa nacho.

Mimi ni tabibu wa meno. Kwa wasiotufahamu, sisi ndio tunaosomea stashahada ya miaka mitatu, wengi wetu katika vyuo vya serikali vya Mbeya na Tanga na siku hizi pia katika vyuo vya binafsi, kisha tunapelekwa wilayani na vituoni. Daktari wa meno husoma miaka mitano chuo kikuu, halafu akafanya mwaka wa mazoezi kazini. Wao ni wachache, sisi tumewazidi kidogo. Juu ya uhaba huo mmeshaandikiwa mengi na semina zimefanyika. Lakini kuna mtu wa tatu ambaye hamumwoni kwenye ikama yoyote, ingawa bila yeye mimi na daktari tunafanya nusu ya kazi. Ni yule anayesimama upande wa pili wa kiti.

Kwa sasa nafasi hiyo hushikwa na yeyote anayepatikana. Pengine ni muuguzi aliyeazimwa kutoka wodini, na mara nyingi zaidi ni mhudumu wa afya aliyeajiriwa kufanya usafi. Nimefanya kazi na mama mmoja wa namna hiyo katika kituo ambacho sitakitaja. Aliingia chumba cha meno na ndoo na dekio. Kwa kuangalia tu akajifunza kwamba nikisema "tatu-sita" nazungumzia gego la kwanza la chini kushoto, naye analiandika kwenye kadi bila kuuliza. Akajifunza kwamba makoleo ya magego ya juu hayafanani: moja ni la kulia na jingine la kushoto, na kwamba ule mdomo wenye ncha lazima uelekee shavuni, uingie katikati ya mizizi miwili ya nje. Nilikuwa nanyoosha mkono bila kugeuza macho na koleo sahihi linatua kiganjani. Mtoto akianza kupiga kelele, yeye ndiye aliyekuwa anamshika kichwa, anamsemesha Kibena, na sindano ya ganzi ikipita hata haonekani kuisikia.

Siku moja ikaja barua ya kumhamishia dobi. Hakukuwa na njama yoyote. Kwenye makaratasi yeye ni mtu wa usafi, dobi kuna upungufu, basi. Aliyenijia baada yake alikuwa kijana mwenye heshima zake, ila damu ilikuwa inamtia kizunguzungu. Nikarudi kufanya kazi peke yangu. Maana yake ni kuvua glavu ili niandike, kuvaa nyingine ili niendelee, kuvua tena kwa kuwa kuna mtu anagonga mlango, kisha kumwambia mgonjwa aliyefumbua kinywa "shikilia hiyo pamba mwenyewe, mama". Foleni iliyokuwa ikiisha saa saba mchana ikawa inaishia na watu kuambiwa warudi kesho. Na wa kesho wengine hawarudi. Wanaweka tumbaku au mafuta ya taa kwenye tundu, wanasubiri shavu livimbe.

Hakuna fundi mwashi, hata wa nyumba ya vyumba viwili, anayekubali kazi bila saidia fundi. Sisi tunajenga ndani ya kinywa cha mtu, mahali penye mate, ulimi na hofu, halafu tunachanganya zege wenyewe.

Zege lenyewe lina historia ambayo Mtanzania anapaswa kujivunia. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken, aliyekuwa akifundisha udaktari wa meno Dar es Salaam, alijaribu na wenzake namna ya kuziba meno vijijini pasipo umeme wala mashine ya kutoboa. Sehemu laini ya jino lililooza inakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu linajazwa saruji ya glasi ayonoma, ambayo hushikamana na jino yenyewe. Njia hiyo, inayojulikana kwa kifupi kama ART, ilitoka hapa nchini ikazunguka dunia. Shirika la Afya Duniani liliitangaza mwaka 1994, mwaka ambao Siku ya Afya Duniani ilihusu afya ya kinywa. Leo inatumika Asia, Amerika ya Kusini na kwingineko, na kwa zahanati ya Ludewa au Makete ambako umeme una tabia zake, sijaona inayoifaa kuliko hiyo.

Sasa tazameni inavyofanyika. Kijiko kimoja cha unga, tone la kimiminika, juu ya karatasi laini. Unachanganya upesi, na mchanganyiko lazima uingie kwenye tundu ukiwa bado unang'aa. Ukishapoteza ule mng'ao, saruji haishiki tena. Utaisindilia vizuri, mgonjwa atakushukuru, na baada ya wiki chache itadondoka kwenye ugali. Baridi ya Njombe ya mwezi wa saba inatusaidia kidogo kwa sababu saruji huchelewa kuganda. Lakini jino linatakiwa libaki kavu muda wote huo, na mwenye kulikausha ni mimi, na mwenye kuchanganya pia ni mimi. Kwa hiyo nini hutokea? Tunang'oa. Jino ambalo lingezibwa kwa vifaa vinavyoenea kwenye sahani moja linang'olewa, kwa sababu kung'oa mtu mmoja anakuweza. Wananchi wameshazoea kwamba ukienda hospitali na jino unarudi bila jino, wanadhani ndiyo tiba yenyewe.

Jambo la pili nitalisema kwa urefu, mnisamehe, maana ndilo linaloninyima usingizi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu asilimia 12.7 ya watu wazima wanaishi na virusi vya Ukimwi, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Sisemi hivi ili mtu amwogope jirani yake. Anayetumia dawa vizuri ni mtu kama mimi na wewe, na virusi vinaweza kufubazwa hadi visiambukizwe kwa kujamiiana. Ninachosema ni kwamba katika mkoa huu chumba cha meno ni mahali pa damu kila siku, na usalama wa wote unategemea mtu anayeosha vyombo.

Na kuosha kwenyewe si kazi ya kufundishwa kwa kuelekezwa kidole. Koleo likitoka kinywani linasuguliwa kwa brashi, hasa kwenye bawaba na kwenye mikwaruzo ya mdomo wake, maana damu iliyokaukia pale hulinda vijidudu hata ndani ya mvuke. Likizidishiwa muda kwenye dawa ya klorini linaliwa na kutu, na koleo lenye kutu halitakati tena. Baada ya hapo linakaushwa, linafungwa, linaingia kwenye jiko la mvuke: nyuzi 121, dakika 30 kwa vilivyofungwa, 20 kwa vilivyo wazi. Muda unahesabiwa joto likishafika, si pale unapowasha swichi. Nimemwona mtu akihesabu tangu kuwasha, kwa nia njema kabisa, na hakuna aliyewahi kumweleza tofauti. Sindano nayo hairudishiwi kifuniko kwa mikono miwili; inachotwa kwa mkono mmoja au inatupwa moja kwa moja kwenye sefti boksi. Na kabla ya yote hayo, mtu huyo achanjwe homa ya ini aina B, dozi zote tatu. Waulizeni wahudumu wanaosaidia kwenye vyumba vya meno leo ni wangapi wamemaliza dozi hizo. Nisingependa kuwajibia.

Lipo pia suala ambalo wanaume wa taaluma yangu hatupendi kulizungumza. Huko New Orleans, Marekani, mwaka 1885, daktari wa meno C. Edmund Kells alimwajiri binti aitwaye Malvina Cueria kumsaidia kliniki, naye hutajwa kuwa msaidizi wa kwanza wa kike. Faida moja iliyoonekana upesi ni kwamba wanawake waliweza kwenda kutibiwa bila kusindikizwa na mume au ndugu, kwa kuwa kulikuwa na mwanamke mwingine chumbani. Mwanamke wa Makambako wa leo analazwa kwenye kiti, kinywa wazi, hawezi kusema, mlango umefungwa, na mganga mwanamume ameinama usoni pake. Mtu wa pili chumbani anamlinda huyo mama, na ananilinda na mimi.

Kwa nini basi Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, wakati vipo vyuo vya afya, kikiwemo cha Ilembula ambacho kimetutolea wauguzi wa kuaminika? Nimelifikiria sana swali hili, maana najua litaulizwa kwenye kikao cha kwanza na huenda likakiua kikao chenyewe.

Vyuo hivi vya wananchi vilianza mwaka 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuona vya Sweden na kuvutiwa navyo. Serikali ina 54. Vimefundisha ushonaji, useremala, umeme wa majumbani, upishi, kilimo na udereva, na vimekuwa mlango wa watu ambao milango mingine imewafungia. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho vimerudisha darasani mabinti waliokatishwa masomo na ujauzito, na baadhi vina chekechea ya watoto wa wanafunzi. Mtu ninayemtafuta ndiye huyo. Kusomea stashahada ya tiba ya meno unatakiwa ufaulu masomo manne kidato cha nne, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Ni sawa, mwenye kuchoma sindano ya ganzi karibu na mshipa wa fahamu lazima awe na msingi huo. Ila msaidizi hahitaji Fizikia ya kidato cha nne. Anahitaji kusoma na kuandika vizuri, mkono mtulivu, na moyo wa kukaa na watu wenye maumivu. Binti wa Lyamkena mwenye D tatu na mtoto wa miaka miwili hawezi kuhamia Mbeya miaka mitatu. Njombe ni kama kilomita 60 kutoka Makambako, na wiki za vitendo anaweza kuzifanyia hukohuko kwao.

Mafunzo yenyewe nayaona hivi. Miezi ya mwanzo ni darasani: meno 20 ya utoto na 32 ya ukubwani, majina na namba zake, vifaa, kuua vijidudu, huduma ya kwanza kwa mgonjwa anayezimia kitini, utunzaji wa kumbukumbu na kompyuta, kwa kuwa hospitali zetu zimehamia kwenye mifumo. Na lugha ya kumwambia mzazi ukweli. Katika nchi ambayo bado kuna watu wanaomkata mtoto mchanga fizi ili kumtoa "meno ya plastiki", eti ndiyo yanayomletea homa na kuharisha, msaidizi anayezungumza Kibena, Kikinga au Kipangwa kwa ufasaha anaweza kuokoa mtoto kabla hata hajafika kwenye kiti. Sehemu kubwa ya mwaka iliyobaki iwe hospitali, chini ya tabibu anayewajibika kwa saini yake. Chuo kisichoweza kuonyesha kiti cha kufanyia vitendo kisipewe kibali. Hapo ndipo nawaomba NACTVET muwe wakali, maana wajanja wa kuuza kozi za miezi mitatu zenye picha nzuri kwenye mabango wapo, na wazazi wameshalipa.

Najua hofu ya wenzangu. Watasema tunazalisha waganga wa vichochoroni: leo msaidizi, kesho amefungua chumba nyuma ya duka anang'oa magego kwa bei ya soda. Hofu hii ina msingi. Lakini hebu tuitazame vizuri. Yule mama wa ndoo na dekio anajua kung'oa jino kwa macho tangu zamani, na hakuna daftari lolote linalomtaja. Asiye na cheti hana cha kunyang'anywa. Tangu mwaka 2017 tuna sheria inayosimamia madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Msaidizi akiingizwa kwenye usajili, mipaka yake iandikwe waziwazi. Hachomi ganzi, hang'oi, hazibi, haandiki dawa. Uingereza tangu 2008 msaidizi aliyehitimu hufanya kazi baada ya kusajiliwa na baraza lilelile linalosajili madaktari wa meno. Sijasikia kwamba vichochoro vya London vimejaa makoleo.

Ajira ndiyo sehemu ngumu, na hapa sina maneno matamu. Kada isiyo kwenye muundo wa utumishi haiwezi kutangazwa na Sekretarieti ya Ajira. Chuo kikianza bila hilo, tutazalisha vijana wenye vyeti vya kutundika ukutani. Hata hivyo nimeona serikali ikitaka inaweza. Januari 2024 ilizinduliwa programu ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikilenga watu 137,294, mafunzo yao yakiwa ya miezi sita. Iwapo kada nzima ya watu zaidi ya laki moja imewezekana, hii yangu ni ya watu wachache sana kwa mkoa wenye wakazi 889,946 kwa sensa ya 2022. Wakati muundo unasubiriwa, hospitali zinaweza kuwachukua kwa mkataba kutoka mapato ya ndani. Chumba cha meno ni miongoni mwa idara zinazoingiza fedha, na kiti chenye watu wawili kinahudumia wengi kuliko kiti cha mmoja. Waganga Wafawidhi wapige hesabu hiyo wenyewe kwa daftari la wagonjwa la mwezi mmoja. Kliniki za binafsi na hospitali za misheni nazo zinatafuta watu hawa kila siku, zikiwapata zinawafundisha upya kila mmoja kwa namna yake.

Halafu wafikirieni walio kazini tayari. Kundi la kwanza la wanafunzi lisiwe la waliotoka mtaani tu. Wapeni nafasi wahudumu ambao wamesimama kando ya viti vyetu kwa miaka, wapimwe ujuzi walionao, wafupishiwe kozi, wapewe cheti. Ufundi stadi unao utaratibu wa kumtambua fundi aliyejifunzia kazini. Makanika na waashi wameupata. Yule mama wa dobi bado yuko kazini, na bado anajua koleo la kulia na la kushoto.

Ninachoomba kwa sasa ni kikao kimoja, chenye mtu wa mitaala kutoka NACTVET, mtu wa afya ya kinywa kutoka Wizarani, mkuu wa chuo, mtu wa Utumishi, na matabibu wa meno wawili watatu wa kutoka vituoni. Kifanyikie Makambako, ambako barabara ya Songea inakutana na ile ya Dar es Salaam na Mbeya na reli ya TAZARA inapita, ili pasiwepo wa kusema hakupata usafiri. Njooni asubuhi siku ya kliniki, tuanzie chumba cha meno kabla ya kuingia ukumbini. Glavu zenu nitaziandaa, na yeyote atakayependa nitampa unga, kimiminika na karatasi achanganye saruji, huku mimi nikimshikia mgonjwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Tabibu wa meno,
Makambako.